Baba ameegesha lori, nami nina gitaa: wimbo nianzie wapi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 24, nakaa Changamwe. Baba yangu aliendesha trela miaka 19, akipeleka makontena Nairobi na kurudi na magunia. Mizigo ilipohamia reli mpya, tajiri wake akauza malori, na baba akabaki nyumbani. Turubali lake liko uvunguni mwa kitanda hadi leo, huu mwaka wa saba. Mimi napiga gitaa. Rafiki alinitumia nyimbo za Wamarekani wa milimani, kule ambako migodi ya makaa ya mawe imefungwa, nikajikuta nalia, na mgodi sijapata kuuona maishani. Nataka kutunga nyimbo kama zile za barabara yetu. Lakini nikianza, naona ama naandika malalamiko ya siasa, ama naiga Wazungu. Tena lori lenyewe sijaliendesha. Nina haki gani? Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama mahali pamoja, pale penye turubali. Hapo tutarudi. Kwanza nikutoe wasiwasi wa haki, maana naona ndio uliokufunga mikono.

Wengi wa watunzi waliokuliza hawakushika sururu. Jean Ritchie alizaliwa 1922 huko Viper, kijiji cha mashariki mwa Kentucky, kitindamimba katika watoto 14. Alisoma chuo kikuu, akahamia New York kufanya kazi ya ustawi wa jamii, na nyimbo za kwao akaenda nazo. Hazel Dickens wa West Virginia, mmoja katika watoto 11, aliondoka kwao akaenda Baltimore kufanya kazi viwandani. John Prine alikuwa mpeleka barua karibu na Chicago. Wazazi wake ndio waliotoka Kentucky, na wimbo wake wa 1971 kuhusu kijiji cha kwao kilichofutika aliutunga kwa ajili ya baba yake. Wachimbaji wenyewe waliimba pia, lakini nyimbo nyingi zilizovuka milima hadi zikakufikia wewe Changamwe zilitoka vinywani mwa mabinti, wadogo na wana, watu waliokuwa wakisubiri mlangoni nani atarudi jioni.

Mtazame Merle Travis, mtunzi na mpiga gitaa. Baba yake alikuwa mchimbaji katika wilaya ya Muhlenberg, Kentucky. Mwaka 1946 alitakiwa kurekodi nyimbo za kwao, akatunga ule wa tani 16 ambao Tennessee Ernie Ford aliuimba 1955 ukaenea dunia nzima. Maneno yake mazito kuliko yote hakuyabuni. Mengine aliyatoa katika barua ya kaka yake, mengine ni usemi wa baba yake, aliyezoea kusema kwamba roho yake anadaiwa na duka la kampuni. Na huo haukuwa msemo wa kupamba mazungumzo. Makampuni mengi ya migodi yaliwalipa watu kwa vibati vyao wenyewe, visivyopokelewa penginepo ila katika duka la kampuni, na unga dukani humo ulikuwa na bei aliyoitaka mwenye duka. Mtu anachimba mwezi mzima, mwisho wa mwezi anaambiwa bado anadaiwa. Baba aliyasema maneno yale mezani, mtoto akayasikia, na kazi ya mtoto ilikuwa kutoyasahau.

Wewe una miaka 19 ya maneno ya namna hiyo nyumbani mwenu. Haki yako iko masikioni.

Sasa tuingie katika lile lililokuliza, kwa sababu ukilielewa utajua pa kuanzia.

Sisi Pwani tukisema mkaa tunafikiria jiko na gunia la mkaa wa miti. Makaa ya mawe wengi tuliyasikia katika kesi ya Lamu, ile ya kituo cha umeme ambacho mahakama ya mazingira ilikifutia leseni Juni 2019. Kule Appalachia, milima ya mashariki mwa Marekani, makaa ya mawe yalikuwa kila kitu. Kabla ya mgodi walifika wanunuzi wa haki za madini, wakawatia watu sahihi, wengine wasiojua kusoma, kwa bei iliyoweza kushuka hadi senti 50 kwa ekari. Halafu ikaja reli. Kisha kampuni ikajenga nyumba, duka, shule na kanisa, ikachimba. Mwaka 1923 wachimbaji wa makaa ya mawe Marekani nzima walipita 800,000. Leo wamebaki kama 40,000. Wengi hawakuondolewa kwa kuwa makaa yamekwisha. Mashine ziliingia, moja ikafanya kazi ya makumi ya watu. Treni zikahamia dizeli. Baadaye kampuni zikaona ni rahisi kupasua mlima juu kuliko kuingia chini yake. Na juzi juzi gesi ya bei nafuu ikamalizia.

Na kazi yenyewe ilikuwa inaua. Vumbi linaingia mapafuni, linakaa, mtu anazama polepole huku yuko nchi kavu. Wanauita ugonjwa wa mapafu meusi. Novemba 1968 mgodi wa Farmington, West Virginia, ulilipuka ukaua watu 78. Mwaka uliofuata ndipo sheria ya nchi ikakubali kuwalipa fidia wenye mapafu yale. Kaka yake Hazel Dickens, Thurman, alikufa kwa ugonjwa huo, maskini, na dada yake akatunga wimbo wa kaka. Msikilize akiimba. Hana sauti ya kubembeleza. Sauti yake ina makali kama mlango wa bati unaovutwa, na asingeweza kuuimba wimbo ule kwa sauti tamu bila kumwongopea kaka yake.

Sasa weka hayo kando ya wimbo wa Jean Ritchie wa treni isiyosimama tena. Anayesimulia ni mtoto wa mchimbaji. Mgodi umefungwa, treni inapita bila kusimama, na mwishoni anaota amekwenda ofisini kuchukua mshahara kama zamani, akakuta mitambaazi imefunika mlango na majani yameota sakafuni. Hebu fikiri. Mgodi ule ule ulioharibu mapafu ya watu, leo mtoto anauota kwa hamu! Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema inakuwaje siku nguo ikivuliwa na mtu akabaki uchi, akaitamani pamoja na kunguni wake.

Hapo ndipo nyimbo zile zilipokushika. Zinapenda na kushtaki kwa pumzi moja. Haziisafishi kazi ionekane ilikuwa pepo, wala hazimfanyi baba kuwa mjinga aliyetumika bure. Wanaoshindwa kutunga nyimbo za namna hii, na nimewasikia wengi hapa Mombasa, hushindwa kwa kuchagua upande mmoja: ama wimbo wa kumbukumbu tamu, ama hotuba.

Sasa jiulize kuhusu baba yako. Aliipenda barabara? Bila shaka. Na barabara ilimfanya nini? Mgongo, usingizi wa kuibia chini ya trela, siku za kuzaliwa kwenu ambazo hakuwepo, polisi, ajali alizoziona Mtito Andei asiseme. Miaka 19 alikuwa mgeni nyumbani kwake. Sasa yupo kila siku, nanyi mnaona hajui aweke wapi mikono. Yote mawili ni kweli, na wimbo wako unayataka yote mawili.

Usidhani barabara yenu ni ya kwanza. Kabla ya dereva wa trela kulikuwa na kuli. Gati za maji marefu za Kilindini zilifunguliwa 1926, na kwa miaka mingi mizigo ilipanda na kushuka kwa migongo ya watu. Mzee mmoja wa Majengo alinionyesha barazani pake walivyokuwa wakibeba. Alichukua gunia tupu, akasukuma pembe moja ya chini ndani ya pembe ya pili, likawa kofia ndefu inayofunika kichwa na kushuka hadi kiunoni. Akalivaa. Akainama kidogo, mikono nyuma, na kabla hajaniambia neno akatoa sauti ya chini, kama mtu anayesafisha koo kwa kufuata pigo. Nikamuuliza ni nini. Akasema, “Hapo wawili wananipandishia.” Gunia la kahawa ni kilo 60. Ile sauti ndiyo iliyowawezesha wawili kunyanyua pamoja na wa tatu kupokea bila kuvunjika shingo. Makuli hao ndio walioshiriki mgomo mkubwa wa Januari 1947, mji mzima ukasimama, watu wakikutana Majengo mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini. Kisha yakaja makontena na kreni, na genge la watu likawa halina kazi. Yaani kontena lililomlisha baba yako ndilo lililomwondoa yule mzee. Katika hilo kuna wimbo mzima, na sijasikia aliyeutunga.

Halafu ikaja zamu ya malori. Reli ya kisasa ilizinduliwa 31 Mei 2017, treni za mizigo zikafuata Januari 2018, na 2019 ikatoka amri kwamba makontena ya Nairobi yapande reli. Watu waliandamana hapa mjini. Septemba 2022 ukaguzi wa mizigo ukarudishwa Mombasa, lakini lori lililokwisha kuuzwa halirudi kwa amri. Unayajua hayo kuliko mimi. Unajua pia waliokuwa wakiishi kwa malori bila kuyapanda: mtu wa pancha, fundi wa breki, mama aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi alfajiri pale Miritini.

Umesema unaogopa malalamiko ya siasa. Usiiogope siasa, ogopa kuianza kwenye jukwaa. Mwaka 1931, Harlan, Kentucky, watu wa mkuu wa polisi wa wilaya waliingia nyumbani kwa Florence Reece kumtafuta mumewe, mwandalizi wa chama cha wafanyakazi. Mume hakuwepo. Wakapekua nyumba, yeye na watoto wakitazama. Walipoondoka alibandua karatasi ya kalenda ukutani, akaandika wimbo nyuma yake. Ni wimbo wa siasa hasa, unamuuliza msikilizaji yuko upande gani, na umeimbwa katika migomo hadi leo. Nguvu yake imetoka ndani ya nyumba ile iliyopekuliwa. Angeandika kwanza juu ya haki za wafanyakazi duniani, karatasi ile ingebaki kalenda.

Jean Ritchie naye alikuwa na hasira. Aliandika juu ya mito ya kwao iliyogeuka myeusi kwa uchimbaji wa juu, kampuni zikitumia zile hati za zamani za senti 50 kupasua mashamba ya wajukuu. Kentucky ilibidi kubadili katiba yake 1988 ili mwenye ardhi aulizwe kwanza. Nyimbo zake kadhaa za makaa alizitia jina la kiume, Than Hall, kwa kuamini zingepokewa vizuri zaidi zikidhaniwa ni za mwanamume. Wewe usifanye hivyo. Weka jina lako.

Lile la kuiga Wazungu lina jibu refu, na nalipenda kuliko yote.

Gitaa unalolisikia katika nyimbo zile, kidole gumba kikipiga nyuzi nene kwa zamu kama magurudumu na kidole cha shahada kikiimba juu yake, Wamarekani wanaliita kwa jina la Merle Travis. Travis alijifunza kwa wapigaji wa Muhlenberg, na ukiifuata nasaba hiyo ya ufundi kurudi nyuma unamfikia Arnold Shultz, mtu mweusi wa magharibi mwa Kentucky aliyefariki 1931. Banjo nayo asili yake ni vyombo vya vibuyu vya Afrika Magharibi, waliokwenda navyo watu waliouzwa utumwani. Kwa hiyo unapotetemeka ukisikia banjo, huenda damu inasikia kitu ambacho kichwa hakijaambiwa.

Na iko karibu zaidi ya hapo. Tafuta rekodi za Mwenda Jean Bosco. Alizaliwa Bunkeya, Katanga, 1930, na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi 1952 huko Jadotville, mji wa migodi ya shaba ambao siku hizi unaitwa Likasi. Vidole viwili, gitaa moja, nchi ya migodi, na anaimba Kiswahili. Hapo hakuna Mzungu wa kuigwa. Anza naye kesho asubuhi. Mfuatilie gumba lake kwa wiki mbili kabla hujaandika neno.

Kisha ufanye alichofanya Ritchie. Kabla hajatunga lake alikuwa amejaa nyimbo za nyumbani, na 1952 alipata ufadhili akavuka bahari kwenda Uingereza na Ireland kuzitafutia asili. Alipotunga juu ya mgodi, alitunga kwa lugha ya muziki ambayo nyanya yake angeielewa. Yako ni ipi? Shuleni ulifundishwa kwamba hodiya ni wimbo wa kazi na kimai ni wimbo wa baharini, ukajibu mtihani, ukasahau. Harambee yenyewe, kabla haijawa kauli ya taifa, ilikuwa mwito wa watu wa Pwani wakivuta kitu kizito pamoja. Umeandika barua nzima bila kusema asili yenu hasa ni wapi. Kama bibi yako yuko upande wa Mazeras au Kwale, kaa naye akuimbie sengenya, ngoma ya huko, uone pigo lile linavyoweza kubeba trela likipanda mlima. Kama ni wa mjini, una chakacha.

Na una shairi. Wewe wa Mombasa huna sababu ya kuandika beti za kuning'inia ovyo kwa kuwa Wamarekani hawahesabu silabi. Dereva wa lori na malenga wote wawili wanapita kwenye mizani. Baba yako alipimwa Mariakani. Wewe utapimwa na sikio la mzee wa barazani. Nimejaribu ubeti mmoja kwa ulichoniandikia, nane kwa nane, nione kama turubali litakubali kuingia:

Kalikunja turubali, kaliweka uvunguni,
Hakusema neno kali, alikwenda barazani,
Harufu yake dizeli, vumbi la Mariakani,
Miaka saba kamili, halijatoka nyumbani.

Angalia hakuna neno huzuni humo, wala serikali, wala reli. Vyote vimo. Msikilizaji wa Mikindani atajua ni mwaka gani bila kuambiwa. Turubali linapendwa, ndiyo maana halijauzwa; na linashtaki, ndiyo maana halijatolewa nje. Hiyo ndiyo pumzi moja niliyokuambia, na umeiandika wewe katika barua, mimi nimehesabu silabi tu.

Kwa hiyo usianze na wimbo wa barabara yote. Barabara ni kubwa, itakumeza. Anza na turubali, ukimaliza ingia kwa taniboi wake, yule msaidizi wake wa safarini, mtafute yuko wapi sasa. Mwulize baba majina ya vitu, usimwulize alijisikiaje. Wanaume wa umri wake wakiulizwa walivyojisikia husema “kawaida”, lakini ukiwauliza jina la ile kamba au ni kilima gani trela lilimgomea, wanaongea hadi chai inapoa. Usimrekodi siku ya kwanza. Siku ya pili, omba ruhusa.

Wimbo ukiwa tayari, mwimbie yeye kabla ya mtu yeyote, na gitaa liwe chini, kwa sauti tupu. Atakusahihisha. Pengine ataanza na ubeti wangu. Nimeandika “kalikunja” kwa sababu ilinipa mizani nane, lakini madereva wengine turubali hawalikunji, wanaliviringisha. Mwulize alifanyaje siku ile. Kama aliliviringisha, mstari wa kwanza ufute, tuuandike upya.